Kusini mwa Italia kwa pikipiki wakati wa vuli: mwongozo wa msafiri wa kundi

Kiitaliano changu nilikiokota Malindi nikiwa kijana, kwa watalii waliojaa mji wetu. Baadaye kilinipa kazi huko kwao: kufunga msafara wa pikipiki. Mfunga msafara ndiye wa mwisho kwenye safu, na bila yeye hakuna anayeondoka. Ukiwa nyuma unaona mambo ambayo kiongozi hayaoni. Unaona nani amechoka, nani anamfukuza mwenzake kwenye kona, nani tairi lake limeanza kuteleza. Mwongozo huu nimeuandika kutoka hapo nyuma.

1. Chagua wiki kabla ya kuchagua kampuni

Kwetu pwani, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kusini mwa Italia ni vivyo hivyo: kiangazi ni kikavu, kisha mvua huanza kurudi mwezi wa kumi na kukolea Novemba. Kwa hiyo tarehe ina uzito. Mimi humshauri mtu aende kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Joto kali limeshapungua, bahari bado ina uvuguvugu, watalii wa Agosti wamekwenda, na vyumba ni nafuu.

Jambo la pili ni mwanga. Katikati ya Oktoba jua huzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo jua huzama karibu saa kumi na moja jioni. Ratiba iliyopangwa kwa siku za Juni haiwezekani tena. Ukiona kampuni inatangaza kilomita 350 za milimani kwa siku moja mwishoni mwa Oktoba, ujue mtamalizia gizani. Kwenye barabara hizi kilomita 200 ni siku nzima ya kazi, na 150 ndizo za raha.

Usisahau kuwa tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Maduka mengi hufungwa, na nyumba za wageni milimani hujaa.

2. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kila kiongozi mmoja ana waendeshaji wangapi? Sita hadi wanane ni sawa. Wakifika kumi na wawili, nusu ya siku itakwisha mkisubiriana. Je, kuna mfunga msafara, au kiongozi yuko peke yake? Kuna gari la mizigo linalofuata? Petroli, chakula cha jioni na ada za barabara vimo kwenye bei? Pikipiki ikianguka, wewe unabeba kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa? Na swali ambalo watu hawaulizi: siku ya mvua kubwa, mna njia ya pili?

Msimu mmoja, kabla sijaanza kazi hii, nilisafiri na kundi ambalo kiongozi wake hakuwa na tabia ya kutazama nyuma. Wawili wetu tulipitwa na njia panda ya mlimani, tukashuka bonde ambalo silo. Simu hazikuwa na mtandao. Tuliwapata wenzetu saa mbili usiku, tumelowa, na mwenzangu mikono ilikuwa imekufa ganzi hata klachi hawezi kuibana. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni jinsi wanavyopita njia panda.

3. Karatasi

Leseni yako iwe na daraja la pikipiki. Ya gari peke yake haitoshi. Kama ilitolewa nje ya Umoja wa Ulaya, ongeza kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho hutolewa na chama cha magari cha nchi yako. Kibali hicho husomwa pamoja na leseni halisi, kwa hiyo beba zote mbili. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam atahitaji pia viza ya Schengen, na viza hiyo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000.

Soma bima hiyo mstari kwa mstari. Nyingi zinamlipia mtalii aliyeteguka mguu akitembea, lakini zinamkataa aliyeanguka na pikipiki yenye injini inayozidi cc 125. Tafuta inayotaja pikipiki kwa jina. Kwa dhamana ya pikipiki, wakodishaji wengi hutaka kadi ya mkopo yenye jina lako, na kadi ya kawaida ya benki wanaweza kuikataa.

4. Vaa kwa ajili ya mlima, hata kama asubuhi uko ufukweni

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Ukiondoka pwani kuna nyuzi 20, ukifika juu ya milima ya Pollino zimebaki kumi au chini yake, na upepo wa mwendo unazila zilizobaki. Vaa tabaka: fulana ya kubana mwili, sweta jembamba, koti la kuendeshea lenye kinga za viwiko na mabega, kisha koti la mvua la kuvaa juu ya yote. Koti hilo liwe mahali unapolifikia kwa dakika moja, lisiwe chini ya begi. Glavu beba jozi mbili, kwa sababu zikilowa leo hazitakauka kesho. Buti zivuke kifundo cha mguu.

Ukikabidhiwa pikipiki, tazama tairi kwanza. Sheria inaruhusu mifereji ya tairi iwe na kina kidogo sana, lakini kwa mvua za vuli mimi sikubali chini ya milimita 3. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Rekebisha mikono ya klachi na breki ilingane na vidole vyako. Piga picha kila mkwaruzo ukiwa mbele ya mwenye pikipiki.

Usichague pikipiki kubwa kwa ajili ya sifa. Kwa barabara za mkoa wa Basilicata, ya cc 500 hadi 800 inatosha kabisa, na kwenye vichochoro vya miji ya kale utaushukuru wepesi wake.

5. Jinsi kundi linavyotembea

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili.

Safu haiendi mstari mmoja wa moja kwa moja. Kwenye barabara iliyonyooka, wa kwanza anakaa upande wa kushoto wa njia yake, wa pili kulia, wa tatu kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja kuwe na sekunde mbili. Chagua nguzo, akipita anza kuhesabu. Barabara ikilowa, ziwe nne. Mkifika kwenye kona mpangilio huo unavunjwa: kila mtu anatumia upana wote wa njia yake, na nafasi kati yenu inaongezeka.

Njia panda hupitwa kwa utaratibu wa mtu wa kona. Kiongozi anapogeuka, anamwonyesha kwa kidole aliye wa pili mahali pa kusimama. Huyo anasimama palipo salama, indiketa ikiwaka, na kuwaelekeza wote wanaofuata. Haondoki mpaka amwone mfunga msafara. Akishamwona, anaingia mbele yake. Kwenye njia panda inayofuata anasimama mwingine. Ukipangwa mtu wa kona, usiondoke. Hata dakika zikiwa kumi, hata mvua ikinyesha, hata ukidhani wote wamepita. Wewe ndiye kibao cha barabara kwa walio nyuma.

Kama kundi halitumii utaratibu huo, kuna sheria moja inayoweza kuokoa siku: kila mtu amshike aliye nyuma yake kwenye kioo. Kabla hujakunja kona ya njia panda, mtafute kiooni. Humwoni, simama. Aliye mbele yako naye atakukosa na atasimama, na habari itamfikia kiongozi bila simu.

Kwenye kona nyingi mfululizo utaona wenzako wanatokomea. Waache. Aliye mbele anaweza kuwa ameendesha miaka thelathini, na mstari wake wa kona haukufai wewe. Watu niliowainua kutoka chini, karibu wote walikuwa wanamfukuza mtu. Kupita lori ni vivyo hivyo: kila mmoja aangalie mwenyewe na aamue mwenyewe. Nafasi iliyomtosha aliye mbele yako imeshakwisha yeye alipopita.

Ishara ni chache. Kidole kwenye tangi: nahitaji mafuta. Mguu uliotolewa nje: kuna shimo, mchanga au takataka upande huo. Kiganja kinachopigapiga juu ya kofia: polisi mbele. Kubalianeni asubuhi, kabla injini hazijawashwa.

6. Upande wa kulia

Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi mnaweza kuruka sehemu hii. Sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda tumelelewa kushoto, na Italia wanaendesha kulia. Mjini huwezi kukosea, kwa sababu magari yanakuongoza. Hatari ni barabara tupu: unatoka kituo cha mafuta, au umesimama kupiga picha, hakuna gari hata moja, na mwili unarudi ulikozaliwa. Mimi hufunga utepe mwekundu kwenye mkono wa breki, nikiuona nakumbuka. Kwenye mzunguko unaingia kwa kulia na kuwapisha waliomo ndani, ambao watakujia kutoka kushoto.

Kuna jambo la ndani zaidi. Ukiwa kulia, kona ya kushoto ndiyo ya kuogopwa. Pikipiki ikilala, tairi zako zinaweza kuwa ndani ya mstari lakini kichwa chako kimevuka, na basi linakuja. Kona za kushoto zichukue ukiwa umekaa kulia kabisa.

Kasi: 50 mjini, 90 barabara za kawaida, 110 barabara kuu za njia mbili mbili, 130 autostrada (barabara za kasi), na mvua ikinyesha autostrada inashuka hadi 110. Taa ya mbele iwake mchana na usiku. Kikomo cha pombe ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu ni sifuri. Wenyeji watakumiminia divai mpya mchana kwa moyo mweupe. Waombe wakuwekee hadi jioni.

7. Kinachotelezesha

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote. Miezi mitatu ya mafuta na vumbi inapanda juu ya lami na kuwa utelezi. Dakika thelathini za kwanza, kama mnaweza, kunyweni kahawa.

Huko juu kwenye milima ya Cilento na Pollino kuna miti ya castagno, yaani chestnut. Oktoba hudondosha majani na tunda lililofunikwa na miiba kama nungunungu mdogo. Yakilowa kwenye kona yenye kivuli, ni sawa na kukanyaga maganda ya ndizi. Kivuli kwenyewe kina umande hadi saa tano asubuhi. Nilianguka hapo mwaka wangu wa kwanza, taratibu, kwenye mteremko, nikishika breki ya mbele pikipiki ikiwa imelala. Tangu hapo breki zangu zinakwisha kabla ya kona.

Mkoa wa Puglia hatari ni nyingine. Jiwe lao ni chokaa, na lami yake husuguliwa na magari hadi inang'aa. Mvua ikipiga, inakuwa kioo. Kuanzia Oktoba wanavuna zeituni, na zeituni zilizopondwa na trekta kwenye njia panda ni mafuta halisi. Tope la trekta nalo lipo kila mahali. Ongeza mistari meupe, vifuniko vya chuma, na mawe laini ya miji ya kale.

Na wanyama. Ng'ombe wa kijivu wa Podolica wenye pembe ndefu hulala barabarani kana kwamba ni zizi lao. Jioni hutoka nguruwe mwitu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa hotelini kabla ya giza.

8. Njia ninayoipenda, siku saba

Anzia Salerno badala ya Napoli, usiianze safari yako ndani ya msongamano. Pwani ya Amalfi iko karibu, na barabara yake ya SS163 ni nzuri kweli, ila mabasi ni mengi na upana ni mdogo. Kama mna hamu nayo, iendeeni alfajiri siku moja kabla, mrudi kwa kifungua kinywa.

Siku ya kwanza shukeni kusini kwa pwani ya Cilento hadi Palinuro, kama kilomita 130. Paestum mtasimama: mahekalu matatu ya Wagiriki, la kale zaidi limesimama tangu karibu mwaka 550 kabla ya Kristo. Pale pale wanatengeneza mozzarella ya maziwa ya nyati.

Siku ya pili fuateni barabara ya SS18 kupita Sapri hadi Maratea, ambako sanamu ya Kristo yenye urefu wa mita 21 inasimama juu ya mlima, mgongo kaielekezea bahari. Barabara imechongwa kwenye jabali, na jabali hilo huwa linaanguka: Novemba 2022 mawe yaliporomoka Castrocucco na kuifunga. Kila asubuhi waulize wenyeji kuhusu frana, yaani maporomoko. Jazeni mafuta hapa, kisha pandeni ndani mkalale Rotonda.

Siku ya tatu ni Pollino, hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Italia. Endeni pole. Mtapita San Paolo Albanese, kijiji cha watu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka upande wa Albania karne nyingi zilizopita, na vibao bado vina lugha yao. Jioni mwingie Matera.

Matera laleni usiku mbili. Nyumba zimechongwa kwenye mwamba, na kuanzia 1952 serikali iliwahamisha wakazi kwa sababu ya umaskini na maradhi. Mwaka 1993 UNESCO iliuingiza mji kwenye urithi wa dunia, na 2019 ukawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Bibi mmoja aliniambia alizaliwa kwenye chumba ambacho leo ni cha wageni. Tembeeni kwa miguu. Pikipiki zibaki gereji juu.

Siku ya nne zungukeni bila mizigo: Craco, mji uliohamwa baada ya maporomoko ya 1963, kisha Pietrapertosa na Castelmezzano, vijiji vilivyonasa kwenye meno ya mawe. Kilomita 200 hivi za kona. Hii ndiyo siku mtakayoizungumzia nyumbani.

Siku ya tano kupitia Alberobello na Locorotondo hadi Ostuni ni fupi na nyepesi. Ya sita mnakwenda Otranto na kushuka pwani hadi Leuca, ncha ya kisigino cha Italia, kilomita 50 za bahari upande wa kushoto. Njiani mtaona mashamba ya mizeituni iliyokauka, kijivu, kwa maili na maili. Ni ugonjwa wa Xylella, uliogunduliwa hapo mwaka 2013. Baadhi ya miti hiyo ilikuwa na mamia ya miaka. Zimeni injini kidogo pale.

Siku ya saba malizieni Bari, kama kampuni inaruhusu kurudishia pikipiki huko. Kuirudisha Salerno kwa siku moja ni zaidi ya kilomita 300 za kuchosha.

9. Mafuta, chakula, milango iliyofungwa

Petroli ni benzina. Gasolio ni dizeli. Jina linadanganya, na nimeona mtu akiijaza. Vituo vingi vidogo hufungwa kuanzia saa saba hivi mchana hadi saa tisa na nusu, na Jumapili pia. Hapo unatumia mashine: ingiza noti au kadi, bonyeza namba ya pampu, jaza. Tembea na noti za yuro 10 na 20. Nusu tangi milimani maana yake ni kujaza.

Jiko hufunga kama saa nane na nusu mchana, na cha jioni hakianzi kabla ya saa moja na nusu usiku. Ukifika kijijini saa tisa na njaa yako, utapata kahawa tu. Kwa hiyo asubuhi nunua mkate na jibini.

Kwa Waislamu: nguruwe ni maiale. Sema "senza maiale", na uulize pia strutto, mafuta ya nguruwe, kwa kuwa huingia kwenye mikate na vitafunio bila kuonekana. 'Nduja, soseji ya kupaka ya Calabria, ni nguruwe. Utakula vizuri bado: tambi za orecchiette kwa mboga za rapa, uyoga wa porcini, maharage, samaki, na pilipili tamu za Basilicata zilizokaushwa na kukaangwa hadi zinavunjika kama chipsi.

Katikati ya miji ya kale kuna maeneo ya ZTL, yaani yenye vizuizi vya magari, na yana kamera. Ubao ukiandika "varco attivo" usiingie, maana kamera ziko kazini. "Non attivo" ndiyo ruhusa.

10. Mtu akianguka

Wa kwanza kufika asimamishe magari juu ya barabara, kabla ya kona. Mfunga msafara ndiye anayemwendea aliyelala. Usimvue kofia kama anapumua na anaongea. Namba ni 112. Wengine toeni pikipiki barabarani, mkae nje ya lami. Kiongozi atapata habari kwa sababu atakosa watu kiooni.

Hali ya hewa hutangazwa kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Ikiwa njano, tunakwenda kwa uangalifu. Ikifika chungwa, mimi nashauri kundi libaki, hata wengine wakinung'unika kuwa wamelipa.

11. Kurudisha

Jaza tangi, oshea tope mahali palipo wazi ili mikwaruzo ionekane, piga picha zile zile ulizopiga siku ya kwanza, na uzihifadhi. Andika pia ulipita wapi kila siku na saa ngapi. Kwa anayeishi nje ya Italia, faini inaweza kuletwa hata baada ya siku 360, na mkodishaji naye huongeza ada yake ya kushughulikia barua. Ukiwa na daftari lako utajua kama kamera ya ZTL ya mji wa Lecce ilikuona wewe au mwenzako.